Ukili Wako Umelegea Wapi?

Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi siku ambayo bibi yangu alinitwaa ukili mkononi, akaupitisha polepole kati ya kidole gumba na cha shahada kama mtu anayetafuta mwiba, kisha akasimama mahali. "Hapa," akasema. "Hapa alipita nani?"

Tulikuwa wanawake watano uani kwetu Moa, pwani ya Tanga, tumekaa jamvini miguu tumeinyoosha, miyaa ya ukindu imelowekwa kwenye beseni. Na kweli, muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amepita mtoto wa jirani akishuka pwani, upondo begani. Sikumsemesha. Hata kumtazama sikumtazama, nilijikaza nisimtazame. Lakini vidole vyangu vilikuwa vimekwisha kumwona, na msuko ukalegea upana wa kiganja kimoja, kisha ukakaza tena. Bibi hakunigombeza. Alinirudishia ukili, akaniambia nifumue pale palipolegea nisuke upya, akaendelea na habari ya bei ya dagaa aliyokuwa akiizungumza.

Nimeikumbuka siku hiyo kwa ajili ya barua zenu, wadogo zangu. Mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja. Mmoja wa Sahare anauliza atajuaje kama mchumba wake bado anampenda, maana mdomo unasema ndiyo na mwili uko mbali. Mmoja aliyeolewa huku kwetu kutoka Bukoba anasema wakwe hawamwelewi, na yeye hawaelewi. Mwingine ana mavyaa anayepokea sahani ya wali kama anayepokea deni lililochelewa. Na yuko mmoja ambaye barua yake nimeisoma mara nyingi kuliko zote: mumewe amerudi kutoka dago, kambi ya wavuvi, na hasemi. Huyu nitamfikia mwisho.

Kwanza nina ombi. Wengi mmenitumia zile video fupi za kwenye simu: akigusa pua anadanganya, akikunja mikono kifuani kakuchukia, kidole cha kiatu kikielekea mlangoni anataka kuondoka. Halafu inafuata ile hesabu inayosemwa kila semina, kwamba asilimia 93 ya mawasiliano hayamo katika maneno. Naombeni muiweke kando. Hesabu hiyo ilitoka kwa Albert Mehrabian wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka 1967. Watu walisikilizishwa neno moja moja likitamkwa kwa sauti tofauti, wakaonyeshwa na picha za nyuso, ili ijulikane mtu huamini kipi pale ambapo neno linasema nakupenda na sauti inasema la. Habari ilikuwa ya mapenzi na chuki tu, na Mehrabian mwenyewe amelieleza hilo. Mkiniambia kwamba maneno ni asilimia saba tu ya kila mazungumzo, basi nipelekeni nyumba ya wazee wanaozungumza Kidigo cha ndani, nami nisijue neno hata moja, kisha mniulize wamekubaliana mahari kiasi gani.

Na habari ya uongo ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu nimeona ndoa ikivunjika kwa pua iliyowasha. Mwaka 2006 wataalamu wawili, Charles Bond na Bella DePaulo, walikusanya tafiti nyingi zilizowajaribu watu zaidi ya 24,000 kama wanaweza kumtambua mwongo kwa kumtazama na kumsikiliza. Walipatia mara 54 katika 100. Ukirusha sarafu juu unapatia 50. Basi ewe mdogo wangu wa Kange uliyenyang'anya simu ya mumeo kwa sababu "alikwepesha macho nilipomwuliza", umemhukumu mtu kwa ushahidi ulioizidi sarafu kidogo tu.

Macho yenyewe, jamani! Tumelelewa wapi sisi? Mtoto wa pwani hufundishwa tangu akiwa na miaka mitatu kwamba mkubwa akisema, macho yanashuka. Ukimkodolea shangazi unaambiwa una uso mkavu. Uso umeumbwa na haya, tunasema, na haya yenyewe inakaa machoni. Mpwa wangu, kijana msomi, mpole, alikwenda Dar es Salaam kwenye usaili wa kazi. Akajibu kila swali sawasawa huku akitazama meza, kwa heshima, kwa sababu waliokuwa mbele yake wana umri wa baba zake. Alirudi na jibu kwamba hajiamini na huenda ana jambo analificha. Alilia, mtu mzima. Nilikaa naye siku mbili nikimfundisha kutazama katikati ya nyusi, pale panapokutana na pua, kwa muda wa kusema sentensi moja, kisha apumzishe macho, kisha arudi. Nikamwambia hilo ni vazi la ofisini, avae kama anavyovaa shati la mikono mirefu, na akifika kwa babu yake alivue. Usaili uliofuata alipata. Lakini nilibaki nikiwaza ni watoto wangapi wa Mkinga, wa Pangani, wa Vanga kule ng'ambo ya mpaka, wamekataliwa kwa adabu zao.

Ndiyo maana nasema kusoma mwili kunaanza na kujua mwili huo umekulia wapi. Mdogo wangu wa Bukoba, umenieleza kwamba siku ya kwanza ulipiga magoti mbele ya baba mkwe, na chumba kizima kikanyamaza. Kwenu Buhaya, kama ilivyo Buganda, mwanamke kumpigia goti mkubwa ni salamu kamili. Huku kwetu tunainama kidogo, tunaupokea mkono wa mzee na kuubusu, au tunasema shikamoo tukiwa tumesimama. Goti lako liliwashtua. Walidhani unaomba radhi kwa jambo ambalo bado hawajalijua. Kisha wewe nawe ukaona wifi yako anapita nyuma yako bila neno, na akina mama wamekaa wamenyoosha miguu mbele yako, ukadhani ni dharau. Miguu ile ni ya kusuka ukili tu, mwanangu. Kukaa nawe hivyo, miguu imenyooshwa, kanga imelegea, ni dalili kwamba umeshakuwa wa ndani. Siku wakikuletea kiti na kukaa wima ndipo uulize umekosa nini.

Na usidhani ishara zetu ni chache. Zina wataalamu wake. Mwaka 1985 Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa pamoja na Carol Eastman, msomi wa Kimarekani, walichapisha London makala nzima kuhusu ishara za Waswahili. Ishara hizo waliziita kwa majina yetu wenyewe, vielezi na viingizi: zile zinazoeleza jambo, na zile zinazotoka kama mguno unavyotoka. Mimi niliposikia habari ya makala hiyo nilifurahi sana kwamba midomo ya bibi zetu imewahi kuandikwa kitaalamu. Maana mdomo wa mwanamke wa pwani una kazi nyingi hata ukiwa umefungwa. Anaweza kuubetua ukajua kwamba aliyepita hana thamani kwake. Anasonya, na sonyo zenyewe hazifanani: fupi ya kujiudhi mwenyewe baada ya kumwaga tui, na ndefu, iliyoburutwa, ya kumtoa mtu nje ya baraza. Mikono kiunoni ni kuita ugomvi. Mikono kichwani ni msiba. Kushika tama tulikatazwa kabisa tukiwa watoto, mama alikuwa akiupiga mkono ukaanguka kutoka shavuni na kuuliza, "Nani kafa?" Na msichana aliyeulizwa habari ya mchumba, akawa anachora mchangani kwa kidole gumba cha mguu, huyo hakuhitaji kujibu.

Kuhusu taarabu sitaki kupita haraka, maana Tanga ndiko nyumbani kwa Black Star na Lucky Star, na mengi niliyoyajua kuhusu mwili niliyaona ukumbini. Mwanamke anainuka na noti yake, anatembea kwa mwendo wa wimbo, haendi moja kwa moja kwa mwimbaji. Anazunguka. Anapita karibu na meza fulani, anainua noti juu kidogo kuliko inavyohitajika, shingo inageuka nusu, jicho linatua kwa mtu mmoja kwa muda wa pigo moja la ngoma, kisha anatunza na kurudi kukaa. Hakuna aliyetajwa, na ukumbi mzima umejua nani kaambiwa nini, na aliyeambiwa hawezi kujibu ila kwa kuinuka naye na noti yake ubeti ufuatao. Kelly Askew, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti Tanga miaka ya 1990, alilieleza jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 2002. Wageni wameandika vitabu juu ya jicho letu la ukumbini. Sisi wenyewe tukirudi nyumbani, jicho la mtoto anayeogopa linatupita.

Sasa nije kwenye lile ninalotaka mlishike. Nahodha wa ngalawa hatazami wingu moja akasema leo hakuna safari. Anajua maji ya jana yalikuwaje, anajua kama ni bamvua au maji mafu, anajua kusi ya mwezi huu hupiga saa ngapi, na kwa sababu anajua kawaida, lisilo la kawaida linamgonga bila kulitafuta. Na mtu ni vivyo hivyo. Mikono iliyokunjwa kifuani haina maana yoyote mpaka ujue mwenye mikono hiyo hukaa vipi siku zote. Wapo wanaokunja kwa baridi. Yupo shemeji yangu ambaye hukunja hata akiwa anacheka. Lakini mtu ambaye siku zote mikono yake hucheza anapozungumza, leo ameiweka mapajani imelala kama samaki, huyo msogelee.

Nilijifunza hili kwa gharama. Mama yangu alikuwa akiinuka kutoka jamvini kwa mkupuo mmoja, bila kushika kitu, hata uzeeni. Lilikuwa jambo la kujivunia kwake. Mimi wakati huo nilikuwa nikiishi Tanga mjini, nakuja Moa mwisho wa mwezi. Nikifika nauliza, "Hujambo mama?" Anajibu, "Sijambo, mwanangu." Nami naliweka jibu hilo moyoni kama risiti, nakula, tunacheka, kesho yake nawahi gari la asubuhi. Baada ya kumzika ndipo nilipoketi mahali pake. Ukuta wa udongo pembeni ya jamvi, juu kidogo ya usawa wa bega la mtu aliyekaa, ulikuwa na alama ya kiganja. Imeiva, inang'aa kwa mafuta ya mkono. Alama kama ile haifanywi kwa wiki moja. Miezi mingi mama yangu alikuwa akiinuka kwa kushika ukuta, mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa nikisikiliza "sijambo".

Kwa hiyo, wadogo zangu, mkinisikia nasisitiza kutazama, mjue natokea wapi. Kwa wazazi hasa. Wazee wetu wamefunzwa kusitiri. Hawatakwambia goti linauma, watakwambia hawasikii hamu ya kwenda msikitini. Tazama anavyoshuka ngazi ya kibaraza, tazama kama siku hizi anaipokea kahawa kwa mikono miwili wakati zamani ilikuwa mmoja, tazama anakula upande gani wa mdomo. Halafu uliza kwa jina la kile ulichokiona: "Mama, naona siku hizi unashika ukuta." Hapo "sijambo" haitoshi tena kuwa jibu.

Na mchumba wa Sahare nimjibu hapahapa, kwa kuwa jibu lake ni lilelile. Dada, mimi simjui huyo kijana, wewe unamjua. Amebadilika tangu lini, na mbele ya nani? Kama mwili wake unakuwa mbali mkiwa na rafiki zake tu, lipo jambo la aibu au la kujionyesha. Kama ni mbali hata mkiwa wawili, na zamani haikuwa hivyo, mweleze ulichokiona bila kukipa tafsiri. Ukisema, "Hunipendi tena," atajitetea. Ukisema, "Zamani ulikuwa ukinisindikiza mpaka nipande daladala, sasa unaniaga mlangoni," itabidi afikiri.

Mwenye mavyaa, kwako nina swali gumu kidogo, nivumilie. Katika barua yako umeueleza uso wake kwa kurasa mbili: mdomo, nyusi, anavyoigusa sahani kwa ncha za vidole. Wako hukuueleza kabisa. Unapomletea chakula unaingia vipi? Unasimama mlangoni au unakaa? Sahani unaitua kwa mkono gani, macho yako yako wapi? Nauliza kwa sababu mtu anayeogopa kudharauliwa huwa anakaza mabega, anatua kitu haraka, na anageuka kabla hajashukuriwa. Na kwa aliyekaa chini, mwili huo unasomeka kuwa umeletewa chakula na mtu mwenye hasira. Inawezekana miezi yote hii kila mmoja anamjibu mwenziwe. Jaribu hili wiki moja: ingia, kaa jamvini kabla ya kuitua sahani, itue kwa mkono wa kulia na wa kushoto umeushika kiwiko au chini ya sahani, mkaribishe, kisha usiinuke. Kaa dakika mbili. Sema habari yoyote, hata ya paka. Nataka mwili wako upate nafasi ya kushuka mabega, na wake uone hivyo. Kama baada ya wiki bado mdomo umebetuka, niandikie, tutazungumza kwa lugha nyingine.

Salamu yenyewe tumeanza kuifanya kwa pupa. Mnakumbuka mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, tukaambiwa tusishikane mikono? Mwanzoni mwa Machi mwaka ule picha ya Rais Magufuli na Maalim Seif Sharif Hamad wakisalimiana kwa kugusanisha miguu Ikulu ilizunguka nchi nzima. Watu walicheka, lakini huku vijijini wazee waliumia. Babu mmoja jirani yetu alinyoosha mkono ubusiwe, mjukuu akarudi nyuma hatua moja, kwa nia njema kabisa. Mzee akautazama mkono wake mwenyewe. Sijasahau. Na Wakenya nao, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga waliposhikana mikono mbele ya Jumba la Harambee tarehe 9 Machi 2018, neno handisheki likaingia katika Kiswahili kama jina la kipindi kizima cha siasa. Viganja viwili. Sasa fikiria wewe unayempa mumeo "karibu" ukiwa umeinamia simu, kidole kinapandisha skrini. Au wewe kaka, maana najua mnasoma kona hii kwa siri, mkeo anakueleza mtoto kachanika mguu, na wewe unasema "ehe" huku uso wako una mwanga wa buluu. Geuza kifua. Ni hilo tu ninalokuomba. Mtu akikusemesha, geuza kifua chako chote kimwelekee, simu ilale kifudifudi. Kwetu kumpa mtu kisogo kuna jina na kuna uzito, na simu imetufanya tumpe kisogo mtu tunayemtazama.

Somo langu, aliyenifunda, alikuwa na kanuni: mume akirudi, msome kabla hujamsemesha. Sikiliza anavyovua viatu. Wa kuvua kimoja kimoja na kuvipanga hana neno. Wa kuvirusha ana hasira, na hasira hiyo huenda haikuhusu. Wa kusimama mlangoni navyo mguuni, amekuja na habari. Niliona ni mambo ya kizamani mpaka nilipoolewa. Ila somo alikuwa akiwafunda wasichana peke yao, na hapo ndipo mimi na yeye tunapoachana. Kwa nini mwanamke tu ndiye asome? Wavulana wetu nao wafundwe kusoma jinsi dada zao wanavyoinamisha bega wakichoka.

Sasa mnisikilize kwa makini kuhusu watoto. Mtoto hana maneno ya mambo mengine, ana mwili tu. Mtoto aliyekuwa akikimbilia kwa mtu fulani, sasa akimwona anajificha nyuma ya kanga yako. Mtoto anayeruka akiguswa bega. Aliyeacha kukojoa kitandani akarudia. Anayegoma kwenda nyumba fulani, au chuo fulani, na hasemi kwa nini. Usimwambie asalimie kwa nguvu ili usiaibike. Kumlazimisha mtoto apeane mkono na mtu ambaye mwili wake unamkataa ni kumfundisha kwamba mwili wake hausikilizwi. Chukua muda, mkiwa wawili, mikono ikiwa na kazi, mkichambua mchicha au uduvi, umwambie umeona hapendi tena kwenda pale, na kwamba hutamgombeza. Ukipata jambo, nchini kwetu iko namba 116, simu ya mtoto, haina malipo, na vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Usimalize kifamilia jambo ambalo mtoto amelibeba mwilini peke yake.

Na mashangazi mnaotumwa kumwuliza binti kama ameridhia kuolewa. Kila aliyekaa chuoni anaijua Hadithi ya Mtume kwamba mwanamwali huona haya na idhini yake ni kunyamaza kwake. Lakini wanazuoni wa fikihi hawakuishia hapo. Walijadili na kimya chenye kilio, wakazungumzia kilio cha aina gani ni kukataa. Maana yake waliona kwamba kimya nacho kinasomwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka hiari ya wote wawili. Sasa shangazi, umeingia chumbani, umemwuliza, amenyamaza. Amenyamazaje? Kuna kimya cha kuficha uso kwenye kanga na bega linatetemeka kwa kicheko. Na kuna kimya cha mtu aliyekauka, macho yako ukutani, vidole vimekunjwa ndani ya viganja. Ukitoka nje na kusema "ameridhia" baada ya kimya cha pili, umesema uongo mbele ya mashahidi. Rudi ndani. Kaa naye hata mpaka adhuhuri. Muulize tena, na umwambie kwamba la yake utaibeba wewe.

Ndugu yangu ambaye mumeo amerudi dago. Umeandika kwamba alikwenda wakati wa kaskazi akiwa mtu wa maneno mengi, amerudi amekonda, anakula, analala, hakugombezi, hakusemeshi. Umeshamwuliza mara kumi, "Una nini?" na mara kumi amejibu, "Sina kitu." Umeanza kudhani kuna mwanamke huko. Huenda. Lakini katika barua yako, pembeni kabisa, kwa kupita tu, umeandika sentensi moja ambayo imenikosesha usingizi: kwamba siku hizi jioni anakaa kibarazani akiipa bahari mgongo.

Mvuvi wa Moa! Mtu aliyezaliwa akiitazama ile mikoko na maji yakiingia na kutoka, ambaye hata akila hugeuza sahani aone matanga. Mimi sijui alichokutana nacho huko majini, na wewe hujui, na usijipe jibu kabla yake. Ninachokiona ni kwamba hajakupa wewe mgongo.

Acha kumwuliza. Swali la uso kwa uso limeshakuwa kama taa ya karabai machoni mwake. Umesema nyavu alizorudi nazo zimechanika na bado zimerundikwa chini ya mwembe. Kesho baada ya alasiri zitoe, zitandaze, ukae chini uanze wewe, hata kama hujui vizuri. Atakuja, maana hakuna mvuvi anayevumilia kuona wavu ukishonwa vibaya. Akikaa, usikae mbele yake; kaa ubavuni, wote mtazame upande mmoja, wewe shika pindo, yeye ashike sindano. Zungumza ya nyumbani, bei ya mchele, mtoto aliyeota jino. Nyamaza na wewe ukipenda. Siku ya kwanza huenda isitoke kitu, wala ya pili. Siku moja utahisi kwenye pindo ulilolishika kwamba uzi hauvutwi tena, mkono wake umesimama katikati ya jicho la wavu. Usigeuke kumtazama. Endelea tu kuushika upande wako.